Konokono wa Ziwa Nyasa: jinsi ya kuwatambua kwa gamba, na pale gamba linapokudanganya

Leo tunaacha siasa na mpira kidogo, tunaingia ziwani. Ukishuka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, zile kilomita 66, kuna kauli utaisikia kwa wenyeji na kwa wageni: kichocho ni cha madimbwi na sehemu zenye majani, huku kwenye mchanga mweupe na mawimbi hakuna shida, jirushe tu. Kauli hii haikuanzia kijiweni. Kwa miaka mingi hata wataalamu waliisema, na walikuwa na sababu zao. Walijua konokono gani anabeba kichocho, walijua anaishi wapi, na yule wa mchangani walimweka kwenye kundi la wasio na hatia. Mwaka 2001 ikatangazwa kwamba yule wa mchangani naye anabeba.

Kwa hiyo nimeona niandike makala ya kumbukumbu, ambayo mtu anaweza kuichapa akabaki nayo: konokono wa ziwa letu wanapangwaje kwa kuangalia gamba, gamba linakueleza nini, na ni wapi linakuacha njia panda. Kama dakika zako za kafe ni chache, soma sehemu ya 3 na ya 8 kwanza, nyingine utazirudia.

Jambo moja la majina kabla hatujaanza. Ukiona maandishi ya zamani yanasema "ufukwe wa Mbinga" usishangae. Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao makuu yakawa Mbamba Bay. Kabla ya hapo Liuli, Lituhi na Mbamba Bay zote zilihesabiwa Mbinga.

1. KWA NINI TUHANGAIKE NA KONOKONO

Kichocho ni ugonjwa wa minyoo inayoishi ndani ya mishipa ya damu. Daktari wa Kijerumani, Theodor Bilharz, aliiona minyoo hiyo Cairo mwaka 1851. Lakini kwa zaidi ya miaka 60 baada ya hapo watu walibishana inaingiaje mwilini. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alifanya kazi Misri akaonyesha kwamba njia inapita kwa konokono wa maji baridi. Tena akaonyesha kuwa kichocho cha mkojo kina konokono wake na kichocho cha tumbo kina konokono wake. Kuanzia hapo kumjua konokono ikawa sehemu ya kuujua ugonjwa.

Mzunguko wenyewe ni hivi. Mtu mwenye minyoo anakojoa majini (au anajisaidia haja kubwa karibu na maji). Mayai yanaanguliwa, kinatoka kidudu kinachotafuta konokono. Kikimpata konokono anayefaa kinaingia na kuzaliana humo kwa wiki kadhaa. Kisha konokono anaanza kutoa vidudu vingine vyenye mkia wa panda, mamia kwa maelfu. Hivi ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, ndani ya dakika chache tu. Kikimkosa konokono wake, kile kidudu cha kwanza kinakufa kabla ya siku mbili. Kwa maneno mengine, pasipo na konokono anayefaa, kichocho hakiendelei hata kama watu wote wanakojoa ziwani.

Tanzania ni nchi inayotajwa ya pili Afrika kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho, baada ya Nigeria. Tuna aina mbili. Cha mkojo kinabebwa na konokono wa jenasi ya Bulinus. Cha tumbo kinabebwa na jenasi ya Biomphalaria. Kikiachwa bila tiba, cha mkojo kinaharibu kibofu na figo, na kwa watu wazima kinahusishwa na saratani ya kibofu. Kwa akina dada kinaweza kuleta vidonda kwenye njia ya uzazi, na wengi wanaaibika wakidhani ni ugonjwa wa zinaa. Na kuna sehemu nyingi Afrika ambako kijana akikojoa damu wanasema ndiyo anakuwa mwanaume! Jamani, huo ni ugonjwa na una dawa.

2. KABLA HUJASHIKA CHOCHOTE

Usiingie majini kutafuta konokono. Tumia magamba makavu yaliyotupwa na mawimbi ufukweni, hayo hayana madhara. Ukitaka kuangalia konokono hai, achotwe kwa chujio lenye mpini mrefu, uvae glavu za mpira na mabuti. Maji aliyotoka nayo yahesabu kama maji ya ziwa: yakikugusa, yamekugusa.

Vifaa: sahani nyeupe, rula, na kioo cha kukuzia kama unacho. Hivyo vinatosha kwa makala hii.

Sasa jifunze kulishika gamba. Ncha yake iwe juu, mdomo (lile tundu anakotokea konokono) ukutazame wewe. Kila nitakaposema kulia au kushoto, nina maana gamba likiwa limeshikwa hivyo. Ukiligeuza, kulia kunakuwa kushoto na kazi yote inaharibika.

3. MASWALI MATATU

Swali la kwanza: ana kifuniko? Konokono wengine wana kibamba kigumu mguuni, wakijivuta ndani kinaziba mdomo kama mlango. Wengine hawana, wakijivuta unaona nyama tu. Wenye kifuniko HAWABEBI kichocho cha hapa kwetu. Bulinus na Biomphalaria wote hawana kifuniko.

Swali la pili: mdomo uko upande gani? Konokono wengi duniani mdomo wao uko kulia. Bulinus mdomo wake uko kushoto.

Swali la tatu: umbo likoje? Je, ni bapa kama sarafu iliyozungushwa, ni refu kama skrubu, au limevimba kama puto?

Weka majibu matatu pamoja, unapata hivi:

- Hana kifuniko, mdomo kushoto, limevimba au limerefuka kidogo: huyo ni Bulinus. Mshuku.
- Hana kifuniko, gamba bapa kama sarafu: inawezekana ni Biomphalaria. Mshuku. (Wapo bapa wengine wadogo wasio na kosa, lakini kuwatofautisha ni kazi ya mtaalamu.)
- Hana kifuniko, mdomo kulia, mdomo mpana sana: huyo ni jamii ya Radix. Hana kichocho cha watu, lakini ndiye anayebeba minyoo ya maini ya ng'ombe. Wafugaji mtazameni.
- Ana kifuniko, mdomo kulia, gamba refu kama skrubu: Melanoides.
- Ana kifuniko, mdomo kulia, la duara lenye ncha: Bellamya. Huyu hatagi mayai, anazaa watoto wazima wenye magamba yao.
- Ana kifuniko, mdomo kulia, mdogo sana wa milimita chache: jamii ya Gabbiella.
- Ana kifuniko, mdomo KUSHOTO, mkubwa: Lanistes.

Hapo kwa Lanistes ndipo watu wanapokwama. Ukiokota gamba kubwa ufukweni, mdomo kushoto, hakuna kifuniko, utasema nimempata baba wa Bulinus wote. Sivyo. Konokono akifa, kifuniko kinadondoka, kwa hiyo gamba tupu haliwezi kujibu swali la kwanza. Angalia ukubwa na uzito. Lanistes mzima anafika sentimita 3 na kuendelea, gamba nene. Bulinus wa kwetu ni nadra kuvuka sentimita 2, na wengi hawafiki hata hapo. Kwa mtoto wa Lanistes gamba peke yake litakusumbua, kwa hiyo subiri umwone aliye hai. Halafu hili la kukushangaza: mwili wa Lanistes kwa ndani umepangwa kama wa konokono wa mdomo kulia. Ni gamba tu linaloonekana la kushoto. Mtu aliyetegemea gamba peke yake asingelijua hilo milele.

4. NANI WANAISHI ZIWANI KWETU

Ziwa Nyasa lina kina cha mita karibu 700, lakini chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni. Konokono wote wako kwenye tabaka la juu, na wengi wanaotuhusu wako pale pale tunapooga na kuosha vyombo.

Magamba ya ziwa hili yalianza kufika kwenye makumbusho ya Ulaya karne ya 19. Mwaka 1877 Edgar Smith wa makumbusho ya London aliandika juu ya magamba ya Nyasa, akawapa majina Bulinus wawili ambao hawapatikani ziwa lingine lolote: nyassanus na succinoides. Wakati huo aliwaweka kwenye jenasi ya Physa, kwa sababu hao nao mdomo wao uko kushoto na hawana kifuniko. Baadaye wakahamishiwa Bulinus.

Jina Bulinus lenyewe lina historia. Mfaransa Michel Adanson, katika kitabu chake cha mwaka 1757 kuhusu Senegal, alieleza kikonokono kidogo cha madimbwi akakiita bulin. Jina linarudi kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kiputo, yaani kama kiputo cha maji. Mwaka 1781 likawa jina rasmi la jenasi. Ukilitazama gamba jembamba la Bulinus likiwa limelowa utaona kwa nini.

5. KUWAPANGA BULINUS

Jenasi hii ina spishi kama 37. Wataalamu wameziweka kwenye makundi manne, na gamba ndilo lililotumika sana kuyaanzisha:

Kundi la africanus. Magamba ni makubwa kuliko ya wenzao, yamevimba, na ile nguzo iliyoko ndani ya mdomo imekatika kwa chini badala ya kushuka moja kwa moja. Humu yumo Bulinus globosus, mbebaji mkubwa wa kichocho cha mkojo Afrika Mashariki na Kusini.

Kundi la truncatus na tropicus. Magamba ya mviringo, ya wastani au madogo, nguzo haijakatika hivyo. Bulinus nyassanus na Bulinus succinoides wamewekwa humu.

Kundi la forskalii. Membamba, marefu, ncha ndefu. Ukishaona mmoja huwezi kumsahau.

Kundi la reticulatus. Wadogo, wa madimbwi yanayokauka, gamba lina michoro kama wavu. Ndugu zetu walioko Oman na Yemen wanaye mmoja wa kundi hili huko, Bulinus wrighti.

Sasa tuje ziwani na pembezoni mwake. Bulinus globosus anapenda maji yaliyotulia: vijito, midomo ya mito, ghuba zenye matete na majani. Bulinus succinoides ana gamba jembamba laini na mdomo mkubwa, anakaa juu ya majani marefu yanayoota chini ya maji. Bulinus nyassanus ni mfupi, wa mviringo kama punje, gamba lake gumu kuliko la wenzake, na anaishi akiwa amejifukia kwenye mchanga wa ufukwe ulio wazi. Bulinus forskalii ni wa madimbwi na vinamasi.

Tazama basi picha iliyojengeka. Mbebaji aliyejulikana ni globosus. Globosus hapendi mawimbi. Ufukwe wazi una nyassanus tu, na nyassanus ni wa kundi lingine, gamba lake halifanani na la globosus. Hitimisho: ufukwe wazi ni salama. Mpaka miaka ya 1980 ndivyo ilivyoaminika.

6. PALE GAMBA LINAPODANGANYA

Kisa cha kwanza ni hicho hicho cha ziwani kwetu. Mwaka 1992 vijana wawili wa Marekani waliokuwa wakijitolea na Peace Corps waliugua kichocho kilichofika kwenye mfumo wa fahamu, baada ya kuoga Cape Maclear, upande wa Malawi. Watu wakaanza kuuliza upya maswali kuhusu fukwe zile. Mwaka 2001 timu ya watafiti wakiongozwa na Henry Madsen ikachapisha matokeo kutoka Malawi: Bulinus nyassanus anabeba kichocho cha mkojo. Gamba lake halikubadilika hata kidogo tangu Smith aliandike mwaka 1877. Kilichobadilika ni sisi kujua.

Hapa nataka tuelewane. Kundi lake halikuwa limekosewa, bado ni jamaa wa tropicus. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kujua kundi ni kujua tabia. Ni kama kumjua mtu kwa ukoo wake ukasema basi huyu hawezi kuiba.

Kisa cha pili kiko Unguja. Kule kuna Bulinus globosus na Bulinus nasutus, wote wa kundi la africanus, na magamba yao yanafanana kiasi kwamba hata mwenye uzoefu anaweza kuchanganya. Watafiti walipotumia vinasaba miaka ya 1990 na kuendelea, akiwemo Russell Stothard na David Rollinson wakishirikiana na wataalamu wa Zanzibar, ramani ikanyooka. Globosus alikuwa sehemu za kaskazini na kati, ndiko kichocho kiliko. Kusini alikuwako nasutus, ambaye kwa Unguja hakuonekana kubeba. Magamba yanafanana, lakini kijiji kimoja kina ugonjwa na kingine hakina.

Kisa cha tatu ni cha Bulinus truncatus na Bulinus tropicus. Kwa gamba huwezi kuwatenganisha kwa uhakika. Njia iliyotumika ni kuhesabu kromosomu: tropicus ana 36, truncatus ana 72. Truncatus anabeba kichocho cha mkojo sehemu nyingi za Afrika. Tropicus habebi cha binadamu. Hapo rula na kioo chako havikusaidii kitu.

Kisa cha nne hakina ugonjwa lakini kina funzo. Mwaka 1889 Mfaransa Bourguignat aliandika kitabu juu ya wale konokono wa skrubu wa Ziwa Nyasa. Kila alipoona gamba lina mstari zaidi, nundu zaidi au limenenepa, alitoa jina jipya la spishi. Waliokuja nyuma yake walifuta majina mengi. Melanoides wengi ni majike wanaozaa bila dume, mtoto anatoka nakala ya mama yake, kwa hiyo tofauti ndogo ya gamba inarithiwa ukoo mzima na inaonekana kama spishi. Halafu mambo yakageuka upande wa pili. Mwaka 2004 Martin Genner na wenzake wakaonyesha kwa vinasaba kwamba kuna Melanoides kutoka Asia aliyeingia ziwani na kusambaa kimya kimya, kwa sababu gamba lake linafanana na la wenyeji. Bourguignat aliona wengi pasipo na wengi, na baada yake watu wakaona wenyeji watupu kumbe mgeni yumo.

7. KWA NINI GAMBA LINABADILIKA

Gamba ni chokaa. Maji yakiwa na madini machache gamba linakuwa jembamba, yakiwa na mengi linanenepa. Sehemu yenye mawimbi, wenye magamba mafupi na magumu ndio wanaosalimika. Umri nao unabadili umbo: mtoto na mzee wa spishi ile ile wanaweza kuonekana watu wawili tofauti. Ncha nayo inalika na maji, kwa hiyo urefu ulioupima si urefu aliokuwa nao.

Na kuna samaki. Ziwa letu lina samaki wanaokula konokono kwa kuyavunja magamba na meno yaliyoko kooni. Anayetajwa sana ni Trematocranus placodon, anayekula Bulinus nyassanus. Jay Stauffer na wenzake waliandika mwaka 1997 kwamba samaki hao wakivuliwa kupita kiasi karibu na ufukwe, konokono wanaongezeka, na kichocho kinafuata. Ni maelezo yanayoeleweka, ingawa kuongezeka kwa watu fukweni bila vyoo nako kuna mchango wake. Wale wanaokokota nyavu za macho madogo kwenye maji mafupi walitafakari hilo.

Ndiyo maana wataalamu siku hizi hawaishii kwenye gamba. Wanampasua konokono watazame viungo. Kwa mfano kundi la africanus lina mkunjo juu ya figo ambao kundi la truncatus halina. Wanasoma vinasaba. Na kujua kama ana kichocho wanamweka kwenye maji safi, kwenye mwanga, waone kama atatoa vile vidudu vya mkia wa panda. Hata hapo, mara nyingi ni wachache katika mia wanaotoa. Kuwakuta kumi wasafi hakusafishi ufukwe.

8. SASA TUFANYE NINI

Msimamo wangu ni huu: gamba litumike kukutia wasiwasi, lisitumike kukutoa wasiwasi. Ukiona Bulinus, jua pana hatari. Usipomwona, usiseme pako salama, kwa sababu nyassanus amejifukia mchangani na wewe unatazama juu.

Na tusiseme Ziwa Nyasa lina kichocho cha mkojo peke yake. Mwezi Novemba 2017 Biomphalaria pfeifferi, yule bapa wa kichocho cha tumbo, alipatikana kwa mara ya kwanza kwenye Ziwa Nyasa, wilaya ya Mangochi, kusini mwa Malawi. Maji hayana mpaka wala hayaulizi pasipoti. Mtu wa Mbinga mjini naye asijione yuko mlimani haimhusu: Bulinus anaishi pia kwenye vijito, mifereji na mabwawa ya samaki.

Mambo ya kushika:

- Usikojoe wala kujisaidia ziwani au kando yake. Hapo ndipo mnyororo unapokatika kwa bei rahisi kuliko pote.
- Saa za mchana, hasa kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 8, ndipo vidudu vya kichocho cha mkojo vinatoka kwa wingi. Asubuhi na mapema hatari inapungua, haiishi.
- Kujifuta na taulo haraka ukitoka majini siyo kinga ya kutegemea.
- Maji ya kuoga nyumbani: yachemshe, au yachote bila konokono uyaache kwenye chombo siku 2 kamili kabla ya kutumia. Vidudu haviishi zaidi ya hapo.
- Damu kwenye mkojo, maumivu wakati wa kukojoa, kwa akina dada maumivu au damu isiyo ya kawaida: nenda kituo cha afya, sema wazi kwamba unaoga ziwani. Mkojo wa kupima unafaa zaidi ukichukuliwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.
- Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Inaua minyoo mikubwa, haiui vizuri michanga. Ndiyo maana mgeni aliyeoga likizo anashauriwa kupimwa wiki 6 mpaka 8 baadaye, siyo kesho yake. Na ukirudi majini unaambukizwa upya, dawa siyo chanjo.
- Zoezi la kugawa dawa shuleni likija, mdogo wako asijifiche. Ale kwanza, ndipo ameze.

Jambo la mwisho kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma hapa. Kazi hii ya kutazama magamba siyo ya wazungu wa 1877 peke yao. Sehemu kubwa ya tafiti nilizozitaja zilifanyika upande wa Malawi. Ufukwe kuanzia mto Ruhuhu kule Lituhi, Liuli, Mbamba Bay mpaka mpakani na Msumbiji ni mrefu, na mwalimu wa baiolojia aliye na sahani nyeupe, rula na wanafunzi makini anaweza kuanza na magamba makavu: kila gamba na jina la mahali, tarehe, mdomo upande gani, urefu wa milimita ngapi. Msiandike jina la spishi mkiwa na mashaka, andikeni jenasi mwachie hapo. Orodha ya namna hiyo mtaalamu akija ataikuta tayari, na ataijaza kwa vinasaba.

Nawasilisha. Mwenye jina la kienyeji la konokono hawa kwa Kinyasa, Kimatengo au Kimanda aliweke hapo chini kwenye maoni, pamoja na mahali anapopatikana. Na mwenye kupinga apinge, ila aje na hoja.